Ndugu wa Taifa

Kwa kuwa wapo watu wasioitakia mema Jamhuri yetu, wanaoeneza maneno kwamba katika hospitali zetu wagonjwa wanakufa kwa upweke, nimeona nieleze mambo kama yalivyokuwa, bila kutia chumvi. Nilikuwa mtumishi wa Wizara ya Afya na Vidole kwa miaka mitatu na miezi minne. Ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu, na macho yangu yamesajiliwa, yote mawili.

Nianze na Sheria ya Kidole cha Ndugu. Zamani, kabla ya maendeleo, mgonjwa alifika hospitali akatibiwa hivi hivi tu, bila serikali kujua ni wa nani. Aibu zilizotokea hazisemeki. Mtu mmoja alikwenda kung'oa jino, akachanganywa na mwenzake, akarudi nyumbani na jino lake lile lile linalouma lakini tumbo limeshonwa. Waziri wetu, Mheshimiwa Engelbati Kipusa, alitoa machozi bungeni.

"Waheshimiwa," alisema, "mgonjwa ni nani? Mgonjwa ni mtu wa watu! Na kama ni mtu wa watu, basi hao watu walete vidole!"

Wabunge walipiga meza mpaka mbili zikavunjika. Tangu siku hiyo mgonjwa hapewi dawa, hapewi uji, wala haruhusiwi kurudi nyumbani mpaka ndugu yake aliyesajiliwa abonyeze dole gumba kwenye mashine. Juu ya kila kitanda iliwekwa taa. Ndugu akibonyeza, taa inawaka kijani na sauti ya mwanamke mpole inasema, "Umetembelewa." Asipobonyeza mtu, taa inabaki nyekundu na yule mwanamke hasemi kitu.

Mwanzoni ndugu walijaa kama kawaida yao, na vikapu vya chakula na mikeka ya kulalia. Wizara ikawaonea huruma kwa usumbufu huo. Mashine zikapelekwa sokoni, posta, kwenye vituo vya mafuta, hata kwenye baa za heshima. Mtu akawa anachagua nyanya, anabonyeza, mama yake ametembelewa, anaendelea na vitunguu. Mwaka haukwisha, takwimu zikaonyesha kwamba matembezi ya wagonjwa yameongezeka mara tatu, na Mheshimiwa Kipusa akatunukiwa nishani ya Ukarimu. Siku ya nishani nilipita wodi namba nne kupeleka barua. Walikuwamo wagonjwa arobaini, wote wamelala chali wakizitazama taa zao, na mgeni hakuwamo hata mmoja. Sakafu ilikuwa safi sana.

*

Shida ikabaki kwa wale wasio na ndugu. Ofisini kwa Waziri kulikuwa na ramani kubwa ya hospitali zote, kila kitanda na kitaa chake, na vile vyekundu vilimwumiza macho. Ikaundwa kamati ya watu kumi na mmoja. Ikasafiri ng'ambo wiki sita kutazama wenzetu wanavyopata ndugu. Ikarudi na masanduku mengi na pendekezo moja, kwamba serikali iajiri Ndugu wa Taifa.

Tangazo la kazi lilisema mwombaji awe na dole gumba lenye afya, asiwe na ndugu wa kwake mwenyewe, asije akawapendelea, na asiwe na mazoea ya kuzungumza. Mimi, Kasiani Lugome, nilitimiza masharti yote. Wazazi wangu walikwisha kufa, kaka sikupewa, na mke wangu aliondoka zamani kwa sababu ambazo hata mimi naona zilikuwa za haki. Msaili alinitazama dole gumba kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Hongera, una familia."

Nilipewa chumba nyuma ya sehemu ya kufulia nguo za hospitali, meza, mashine na viti viwili. Cha pili hakikuwa cha mtu. Asubuhi na jioni majina yalipita kwenye kioo cha mashine moja moja, nami nikabonyeza. Walikuwa mia mbili na kumi na nne. Nilikuwa na mama thelathini na wawili, wajomba wasiohesabika, mapacha jozi tatu, na mke mmoja ambaye hatukuwahi kuonana naye. Kanuni ya tano ilinikataza kuingia wodini, kwa kuwa ndugu wa wote hatakiwi kumjua yeyote. Saa saba mchana nilikula peke yangu nimeupa ukuta uso, maana kile kiti cha pili kilinikosesha hamu ya chakula. Sikulalamika. Nilijua nina ndugu wengi kuliko raia yeyote, na kila mwezi nilipata barua ya kunipongeza, iliyoandikwa na mashine.

*

Mambo yaliharibika siku ya Jumatatu, Sista Perpetua alipobisha hodi. Huyu alikuwa mkufunzi wa wanafunzi wa uuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta.

"Wewe ndiye ndugu yake Bi. Sikudhani Mpera?" aliuliza. "Kitanda kumi na saba?"

"Bila shaka ndiye," nikasema. "Kwani ni ndugu yangu kuliko walivyo wengine?"

"Ana uvimbe tumboni. Daktari wa upasuaji anakuja Alhamisi, na hapa anakuja mara moja kwa mwezi. Mwezi mwingine yule bibi hafiki. Twende, unatakiwa kwenye Mizani."

Nieleze hapa kuhusu Mizani ya Uchungu, ambayo ni fahari ya nchi yetu. Wizara iligundua kwamba kwa jambo zito kama upasuaji kidole hakitoshi, maana kidole hata mwizi anacho. Basi mlangoni pa chumba cha upasuaji ikawekwa mashine yenye mkanda wa mkononi na jicho la kamera. Ndugu anavaa mkanda, anamtazama mgonjwa wake, mashine inasoma mapigo ya moyo na uso. Ndugu wa kweli moyo wake hupiga kati ya mara tisini na sita na mia na kumi kwa dakika. Akiwa chini ya hapo ni mpita njia. Akizidi, ni mgonjwa, alazwe. Mlango haufunguki kwa daktari, kwa ufunguo wala kwa teke, mpaka Mizani iridhike.

Mizani ndogo za aina hiyo walivalishwa pia wanafunzi wa Sista Perpetua. Mtihani wao ulikuwa kusimama mbele ya mgonjwa anayeumia, na moyo upige themanini na nane barabara, ambacho ndicho kiwango cha huruma cha taifa. Kuzungumza na mgonjwa hakukuruhusiwa kwa sababu kunavuruga hesabu. Tulipokuwa tunapanda ngazi niliwakuta wasichana sita na vijana watatu wakishuka na kupanda mbio, wanahema, kisha wanaingia wodini mmoja mmoja wakiwa wameshika mikanda yao.

"Wana nini hawa?" nikauliza.

"Wana huruma ya ngazi," akasema Sista Perpetua. "Mwaka jana wote walifaulu."

*

Bi. Sikudhani alikuwa mdogo kitandani, kichwa kimefungwa kitambaa cha manjano, mikono yake ina makovu ya mafuta ya moto. Alikuwa mkaanga maandazi kwa miaka arobaini karibu na geti la kambi ya jeshi. Sista aliponitambulisha alinitazama kuanzia viatu.

"Ndiye huyu?" akasema. "Huyu ndiye anayenitembelea mara mbili kila siku tangu masika?"

"Ndiye mimi, mama," nikasema.

"Na miguu yako mbona mizima? Mimi nilijua umekatwa miguu."

Wanafunzi wakanivalisha kwanza mkanda wa Mizani yao ndogo, wa majaribio. Mashine ikanisoma, ikasema kwa sauti ya yule mwanamke mpole, "Sabini. Mpita njia." Wodi nzima ilisikia. Niliona haya, na sikujua kwa nini, kwa sababu kwa mujibu wa kanuni nilikuwa nimefanya kazi vizuri sana.

Sista Perpetua alinivuta pembeni. Alisema ngazi hazitanisaidia, maana Mizani kubwa inatambua jasho la ngazi na kitunguu cha machoni. Dawa ilikuwa moja, nikae na yule bibi mpaka nimwonee uchungu. Nikamkumbusha kanuni ya tano. Akachukua fomu, akaandika "Mafunzo ya Vitendo," akagonga muhuri. Nikakalishwa kwenye kigoda karibu na kitanda kumi na saba, mikono magotini, nikingoja uchungu uje.

"Haya," akasema Bi. Sikudhani. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa marehemu Lugome."

"Lugome wa wapi?"

"Sijui, mama. Alikuwa karani wa reli, tulihama hama."

"Kila mtu ana kwao. Babu yako alizikwa wapi?"

Nikafikiri. Nilikuwa sijaulizwa swali hilo tangu utoto. "Nadhani Usondo. Ng'ambo ya mto."

Bibi akajiinua kwa kiwiko, na maumivu yake yote. "Msondo!" akapiga kelele. "Jamani, nimeletewa Msondo! Ficheni sahani! Ficheni kuku!"

Wagonjwa wakageuza vichwa kutoka kwenye taa. Mimi nilishtuka, nikadhani nimemkosea.

"Huna hata habari," akasema. "Mimi Mbendwe. Wasondo na Wabendwe ni watani. Mababu zetu walipigana miaka saba kwa ajili ya ng'ombe mmoja, wakachoka, wakakubaliana tuendelee kupigana kwa midomo. Mimi nina haki ya kukutukana mpaka siku utakapokufa, na wewe hivyo hivyo, na hakuna wa kununa. Haya, nitukane."

"Mama, mimi siwezi…"

"Unaona? Wasondo hawajui kuoga na kutukana pia hawajui."

Sijui lilitoka wapi. Labda baba aliwahi kulisema nikiwa mdogo. Nikasema, "Afadhali Msondo asiyeoga kuliko Mbendwe aliyeoga maji ya kuazima na ndoo hakuirudisha."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Yule wa kitanda kumi na nane alicheka pia, na wa kumi na tisa, ambaye Sista alisema hakuwa ametoa sauti kwa wiki mbili.

*

Jumanne na Jumatano nilikwenda asubuhi, nikarudi jioni. Nilimpelekea uji wa ulezi, akasema umepikwa na mtu aliyeusikia uji ukisimuliwa redioni. Nikamwambia Mbendwe hula hata gundi. Kati ya matusi alinieleza mambo yake. Mume alikufa mapema. Mtoto mmoja wa kiume alikwenda migodini akaacha kuandika, na bibi kila askari aliyekuja kununua maandazi alimtazama usoni kwanza, asije akawa ndiye, kisha ndipo akamhesabia. Ile taa, alisema, alipoiona inawaka kijani siku ya kwanza alijua ni mwanawe amebonyeza huko aliko. Alijua hivyo kwa miezi mitatu, mpaka nilipoingia mimi na viatu vyangu.

Nilimwomba radhi.

"Radhi ya nini? Ningekuwa sijui bado, ningefurahi bado," akasema. "Lakini mwanangu yule hajui kutukana. Kaa."

Niseme wazi. Nilimpenda yule bibi. Jumatano jioni nilirudi chumbani kwangu na kile kiti cha pili nikakigeuza kinitazame wakati ninakula.

Alhamisi saa tatu asubuhi tulikuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Yeye amelazwa juu ya kitanda cha magurudumu, amevuliwa kitambaa cha manjano, nywele zake chache nyeupe ziko wazi. Daktari, kijana aitwaye Lwitiko, alikuwa amekwisha kunawa, ameinua mikono. Sista Perpetua alininong'oneza, "Mtazame tu. Usiseme kitu. Mtazame." Nikavaa mkanda. Moyo wangu ulikuwa unanienda mbio kwa hofu, nami nilijua safari hii Mizani itanikubali. Niliona namba zikipanda, themanini na tisa, tisini na mbili, tisini na nne.

Bi. Sikudhani alikuwa anaogopa. Akanitazama, akasema, "We Msondo, nikilala huko ndani usiniibie meno."

Ningeweza kunyamaza. Mpaka leo nasema ningeweza. Lakini macho yake yaliniomba nijibu, na mtani akirushiwa neno halafu asijibu, ni kama amekwisha kumzika mwenzake. Nikasema, "Meno gani, mama, mawili? Nitayatia wapi, kwenye jumba la makumbusho?"

Akacheka. Mimi nikacheka. Kamera ikaona meno yangu.

"Furaha imeonekana," akasema yule mwanamke mpole. "Mtu huyu anafurahi mgonjwa akielekea hatarini. Si ndugu. Ni mrithi. Ulinzi umearifiwa."

Mlango ukajibana. Daktari Lwitiko aliusukuma kwa bega, akaupiga teke, akasoma maelekezo yaliyobandikwa ukutani, akaupiga tena. Sista Perpetua aliwaeleza walinzi kwamba hawa ni watani, kwamba watani ndivyo wanavyohuzunika. Mkuu wa walinzi akafungua orodha ya undugu katika mfumo. Palikuwa na mama, baba, shangazi, shemeji, mkwe, hata mpangaji. Mtani hakuwamo. Waliotengeneza mashine walikuwa wametoka mbali, na aliyewaonyesha orodha alikuwa Waziri, ambaye alikulia shule za bweni. Nilipigwa marufuku kuingia wodini kwa siku thelathini. Saa kumi jioni daktari aliondoka na gari la wizara, hakumuaga mtu.

*

Nilirudi kwenye chumba changu nyuma ya sehemu ya kufulia. Kubonyeza hakukuwa kumekatazwa. Basi nikawa nabonyeza jina la Bi. Sikudhani kila robo saa kuanzia asubuhi, ili taa yake iwake na ajue nipo. Siku ya tatu Sista Perpetua aliniletea ujumbe.

"Anasema, mwambieni yule Msondo aache, yule mwanamke anamkatiza usingizi wa mchana."

"Niache?"

"Nilimwuliza hivyo. Akasema, ole wake aache."

Nikaendelea. Mwanzoni mwa wiki ya pili Sista alikuja akasema hali si nzuri, uji haupiti tena. Nilikwenda mpaka mlango wa wodi, walinzi wakanirudisha kwa adabu, wakanikumbusha kwamba warithi wana haraka. Nilirudi nikabonyeza. Alhamisi, saa nne kasorobo asubuhi nilibonyeza, saa nne nikabonyeza, na kila robo saa mpaka adhuhuri. Mashine ilinipokea kila mara bila wasiwasi. Adhuhuri Sista Perpetua aliingia, akakaa kwenye kiti cha pili, akavua miwani.

"Tangu saa nne," akasema. "Taa yake inawaka tu. Inamwambia ametembelewa."

Maiti nayo haitoki bila ndugu. Nikaitwa mochwari, nikavalishwa mkanda, wakamfunua uso. Sikulia. Nilisimama tu, kifua kinanigonga.

"Mia na tatu," akasema yule mwanamke mpole. "Ndugu halisi amethibitishwa. Maiti ikabidhiwe. Kibali cha upasuaji kilichokuwa kikisubiri kimekubaliwa." Na juu, ghorofa ya pili, tukasikia mlango wa chumba cha upasuaji ukifunguka.

*

Habari zilifika wizarani upesi. Kesho yake Mheshimiwa Kipusa alikuja mwenyewe na bendi.

"Wananchi!" alisema. "Mataifa makubwa yametengeneza ndege, yametengeneza mabomu. Nani aliyewahi kutengeneza ndugu? Sisi! Tulimchukua bwana huyu akiwa hana mtu, akiwa sabini, mpita njia, na kwa teknolojia yetu tumemtoa akiwa mia na tatu! Nasema mia na tatu!"

Watu walipiga makofi. Wanafunzi wa uuguzi walipangwa mstari, mikanda yao ikisoma themanini na nane. Nikavishwa shada la maua ya plastiki. Kisha mwandishi wake akanipa bahasha, na ndani yake barua ya kuachishwa kazi, kwa sababu Ndugu wa Taifa hatakiwi kuwa na ndugu wa kwake, na mimi sasa nilikuwa naye, mfumo umethibitisha. Nilipouliza nani atabonyeza kwa wale mia mbili na kumi na tatu waliobaki, wakaniambia wamechukua nakala ya dole gumba langu siku nyingi.

Nilimzika Jumamosi mchana, makaburi ya manispaa, upande wa wasio na jina. Sista Perpetua alikuwa zamu. Tulikuwa mimi na wachimbaji wawili. Mmoja akauliza, "Mzee, marehemu ni nani wako?" Nikasema, "Mtani wangu." Wakaachia majembe wakanitazama, maana nao walikuwa watu wa mashambani, wanajua.

Kwa watani mazishi yana ada yake. Kabla maiti haijateremshwa, mtani anajitupa kaburini, analala chali, anatukana ukoo mzima, anaapa hatoki mpaka ndugu wa marehemu wampe kuku. Ndugu wanambembeleza, wanamvuta mikono, wanacheka huku wanalia, na hapo ndipo watu wanajua kwamba marehemu alikuwa na kwao. Basi nikavua viatu, nikashuka, nikalala. Udongo ulikuwa wa baridi. Nikapaza sauti nikasema Wabendwe wezi, Wabendwe wala gundi, sitoki humu, leteni kuku wangu, na jogoo awe mnene.

Nikangoja mtu aje kunibembeleza. Juu niliona kipande cha mbingu na vichwa viwili vya wachimbaji, wamevua kofia. Nikarudia, kwa sauti ndogo zaidi. Mmoja wao alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, akaona si mahali pake.

"Mzee," akasema mwishowe, "tuna lingine saa tisa."

Nikapanda mwenyewe.